Mjane Aliyempimia Amiri Posho

Wametusimulia waliokaa na wazee wetu, nao wazee walipokea kwa waliowatangulia, na kujua kwa ukamilifu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba zamani palikuwa na mji uitwao Sahlani, chini ya milima, mbali sana na bahari. Watu wake walilima shayiri na mitende, wakinywa maji ya mfereji uliochimbwa chini ya ardhi na mababu zao.

Mji huo ulikuwa na ghala moja la Baitul-mali, yaani hazina ya watu wote. Kila aliyeutumikia mji alipata posho yake pale kila mwanzo wa mwezi: muadhini, mlinzi wa lango, mwalimu wa watoto, wachimba mfereji, mwosha maiti, Kadhi, na Amiri mwenyewe. Posho hiyo haikuwa fedha. Ilikuwa shayiri, nayo ilipimwa kwa pishi moja ya mti, ile ile kwa wote.

Watu wakauliza, kama wanavyouliza hata leo: je, anayetawala apewe zaidi ya anayefagia? Amiri wa kwanza, Amiri Rabahi, Mungu amrehemu, aliposikia swali hilo alisema, "Mimi msiniulize. Nikijipimia mwenyewe nitajiona nina njaa kuliko watu wote."

Basi akaweka desturi. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Shaabani, yule mwenye posho ndogo kuliko wote mjini alikalishwa kwenye kizingiti cha ghala, akapewa pishi mkononi, akamchotea Amiri. Anapochota, hapana ruhusa ya mtu kusema neno. Anapofunga gunia, hiyo ndiyo posho ya Amiri ya kila mwezi mpaka Shaabani nyingine. Na wazee saba wa baraza, waliomshauri Amiri, kila mmoja alipata nusu ya alichopata yeye.

Katika zama za Amiri Rabahi, pishi zilizoingia guniani hazikupata kuzidi ishirini, sawa na za mwalimu. Bibi Unaisa, mjane wa kisa chetu, alizikumbuka siku hizo. Alikuwa bi arusi mpya, na mumewe Jubairi alikuwa mchimba mfereji. Alfajiri ya mwezi mpya watu walipanga mstari mbele ya ghala, kila mmoja na kapu lake, na Amiri Rabahi alisimama humo humo mstarini, mara nyingi nyuma ya wachimba mfereji, maana alichelewa akisoma uradi.

"Sogea kidogo, Amiri," Jubairi alikuwa akimwambia, "umenikanyaga."

"Nisamehe, Jubairi. Miguu yako mipana kama jembe lako."

"Ingekuwa myembamba mngekunywa nini nyinyi?"

Na watu wakacheka, na Amiri akacheka kuliko wote. Kisha kila mtu akaenda zake na kapu lake kichwani, na jua lilikuwa halijatoka. Bibi Unaisa alipoyakumbuka hayo aliona kama anamkumbuka mtu mmoja aliyekufa, si zama nzima.

Amiri Rabahi alifariki, wakaja wengine. Desturi ilibaki, lakini mkono wa wapimaji ulianza kurefuka. Kila mpimaji alikuwa na haja yake, na kila haja ilipata mtu wa baraza wa kuijua. Huyu alitaka mwanawe apewe kazi ya lango, yule alitaka ukuta wake utengenezwe. Pishi ishirini zikawa ishirini na tano, zikawa thelathini, na katika mwaka wa kisa chetu zilikuwa arubaini. Amiri wa wakati huo aliitwa Subaihi.

Mwaka huo, aliyekuwa na posho ndogo kuliko wote Sahlani alikuwa Bibi Unaisa mwenyewe. Yeye ndiye aliyeosha maiti za wanawake, na posho yake ilikuwa pishi kumi. Zamani aliishi vizuri kwa kumi hizo, maana zilikuwapo na kumi na tano za Jubairi, na kwa kuwa posho ilihesabiwa kwa nyumba, hakuwahi kuwa wa mwisho. Lakini Jubairi alikuwa amekufa.

Alikufa mwezi wa Safar. Mafuriko yalileta matope yakaziba mfereji, mji ukakosa maji siku mbili, na Amiri Subaihi akaamuru uchimbwe siku ile ile. Wachimbaji walisema, "Tungoje miti ya kuzuilia dari." Amiri akasema, "Watoto wana kiu. Ingieni." Wakaingia. Dari ilianguka, na waliotolewa walikuwa watatu wazima na Jubairi maiti.

Amiri alikuja mazikoni, akasimama mbali, akaondoka. Tangu siku hiyo Bibi Unaisa alikuwa hatamki jina lake. Alikuwa mcha Mungu, hakumwapiza. Lakini kila alipopita mlangoni kwake aligeuza uso.

Sasa likatangazwa jina lake kuwa ndiye mpimaji wa mwaka. Siku tatu kabla ya ile Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, alikuwa uani kwake na bintiye Lubaina, ambaye mumewe alikuwa safarini na misafara, na mapacha wawili wa Lubaina wakicheza karibu. Akabisha hodi Naufali, mkubwa wa wazee wa baraza, mtu mnene mwenye kilemba kizuri. Nyuma yake mtumishi alibeba gunia.

"Salaam alaikum, Ummu Lubaina. Mimi ni kama ndugu yako. Nimepita kukujulia hali."

"Alaikumu salaam. Hali ni ya kumshukuru Mungu. Karibu."

Naufali alitazama pa kukaa, akaona ubao mpana umewekwa ukutani juu ya mawe mawili, umesuguliwa ukawa mweupe. Akaketi juu yake, akanyoosha miguu.

Lubaina akafunika mdomo kwa ushungi, lakini kicheko kilimshinda. "Bwana mkubwa, hapo watu hawaketi. Hapo hulala."

"Hulala nani?"

"Waliokwisha."

Naufali aliruka juu kama aliyekalia kaa la moto, maana ule ulikuwa ubao wa kuoshea maiti. Akajipangusa nguo nyuma, akasoma aliyoyajua, akasimama wima kwa muda wote uliobaki.

"Nisikilize, Ummu Lubaina," alisema. "Mwaka huu tumekuwa tukizungumza barazani. Pishi arubaini hazimtoshi Amiri. Mtu anayebeba mji mzima kichwani, apimiwe kama mfagiaji? Ana wageni kutoka kila upande. Sisi wenyewe tunakula kwake kila adhuhuri, na siku hizi sinia zinarudi tupu, mtu unaondoka ukijua hukushiba. Na jambo la pili ni kubwa zaidi: mtawala mwenye njaa hununuliwa kwa urahisi. Mpe thamanini, umwokoe na rushwa."

Bibi Unaisa aliyapima maneno yale. Hakuyaona yote kuwa ya uongo. "Thamanini," alisema polepole. "Na nyinyi mpate arubaini kila mmoja."

"Hiyo ni desturi, si mimi."

"Na ghala? Mvua hazikunyesha. Kutaiba mtunza ghala anasema shayiri ya humo ni ya kubana mpaka mavuno."

"Wengine watapunguziwa kidogo. Watu wa chini wamezoea kidogo." Kisha akashusha sauti. "Lakini wewe hutapunguziwa. Wewe utapata ishirini, na zile kumi na tano za marehemu zitarudi nyumbani hapa. Gunia hili ni la kuanzia."

Mapacha walikuwa wameacha kucheza, wanalitazama gunia.

"Na nisipofanya?"

"Mji una wanawake wengine wanaojua kuosha," Naufali akasema, akaaga, akaenda, na gunia akaliacha.

Bibi Unaisa alimwita mtumishi kabla hajafika njiani. "Baba, umesahau mzigo wa bwana wako." Na mtumishi akarudi, akalichukua huku akitabasamu, maana lilikuwa zito na alijua lililetwa kwa nini.

Lubaina alikaa kitako mbele ya mama yake. Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Umefanya vizuri, mama. Usimpe thamanini. Mpe kumi."

"Kumi?"

"Kumi kama zetu. Umemsikia baba yangu akilia chini ya matope? Mimi namsikia kila siku. Mungu amekupa pishi mkononi. Mpe kumi huyo Amiri, aonje. Hapana atakayekulaumu, desturi inakuruhusu."

Bibi Unaisa akainuka kwenda kuchota maji ya udhu. Neno lile la bintiye lilikuwa limekwisha kuwamo moyoni mwake tangu siku jina lake lilipotangazwa, na aliposikia likisemwa kwa sauti aliona aibu, kwa sababu lilikuwa tamu.

Akatawadha, akakaa juu ya mkeka. Ahadi ya Naufali haikumsumbua sana, kwa kuwa njaa alikuwa ameizoea. Kilichomsumbua ni zile pishi kumi. Alijiambia: nikimpa kumi, nitakuwa nimempimia nini, kazi yake au msiba wangu?

Ndipo likamjia jambo ambalo hakuwahi kulitafakari. Mwezi uliopita, mwezi wa Rajabu, mke wa Amiri alikufa kwa homa, na yeye ndiye aliyemwosha. Alikwenda kwa sababu maiti hana ugomvi na mtu. Na pale juu ya ubao aliona mambo mawili. Aliona mifupa ya mabega imetokeza kama ya mtu aliyekuwa akiwaachia wengine chakula kwa muda mrefu. Na nguo yake ya ndani ilikuwa imetiwa kiraka cha kitambaa cha gunia. Siku ile alisema moyoni, "Amiri huyu hata mkewe anamnyima." Akamwosha mara tatu kama anavyooshwa kila mtu, akamfunika, akaondoka na hasira yake.

Leo alikumbuka maneno ya Naufali: sisi wenyewe tunakula kwake kila adhuhuri. Pishi arubaini zilikuwa zikiingia mlango wa mbele, na wazee saba wenye posho zao ishirini ishirini walikuwa wakizila sebuleni, na mwenye nyumba anaona haya kuwaambia hapana, na mkewe nyuma anakwangua chungu.

Lakini hayo hangeweza kumwambia mtu, hata Lubaina. Anayeosha maiti hufunika alichokiona. Hiyo ni amana, nayo aliichukua kwa mama yake aliyeifanya kazi ile kabla yake, na hakuwahi kuivunja kwa maiti wa tajiri wala wa maskini. Kama angesema, watu wangeelewa mara moja. Kama hangesema, ilibaki mkono wake tu. Akaomba, "Ee Mola wangu, uzuie mkono huu usiwe wa Naufali, na uuzuie usiwe wangu."

Alhamisi ikafika. Mji wote ulikuja mbele ya ghala asubuhi ile, na Kadhi alikaa kivulini mwa ukuta. Wazee saba walikaa juu ya zulia lao. Amiri Subaihi alisimama peke yake, mtu mrefu aliyekonda, kanzu yake nyeusi ya eda ya huzuni hajaivua, ingawa sharia haikumlazimisha. Kutaiba alimkalisha Bibi Unaisa kizingitini, akampa pishi.

Akasema bismillahi, akachota.

Kila pishi alijaza, akaikata juu kwa kiganja ili isizidi wala isipungue, akaimimina guniani. Moja. Mbili. Watu walihesabu kwa midomo bila sauti. Alipofika ya kumi mkono ukasimama.

Alijua kuwa anaweza kufunga. Kamba ilikuwa kando yake. Alimwona Lubaina mbele ya wanawake, macho yamemtoka, na nyuma ya macho yale alimwona Jubairi. Alimwona kama alivyokuwa kijana, na matope miguuni, akimwambia Amiri wa zamani hizo sogea umenikanyaga. Akakumbuka kwamba Jubairi alirudi nyumbani siku hizo akisema, "Yule mzee anachukua sawa na mwalimu, Unaisa, na kapu analibeba mwenyewe. Mtu kama huyo akiniambia ingia shimoni, naingia." Alikuwa akisema kwa fahari.

Akachota ya kumi na moja. Lubaina akainamisha kichwa.

Ya kumi na tano. Naufali akajipanga vizuri juu ya zulia, anatabasamu. Ya kumi na nane. Ya ishirini. Bibi Unaisa akaweka pishi chini, akachukua kamba, akafunga gunia.

Minong'ono ikavuma. Naufali alisimama. "Amesahau hesabu! Mama huyu amechoka, aongezewe muda."

"Gunia limefungwa," Kadhi akasema. "Mpimaji aseme sababu yake, kisha tuseme amin."

Bibi Unaisa hakuwa mtu wa kuhutubu. Alisema akitazama mikono yake. "Nimempa posho ya mwalimu. Nyumba ya mwalimu ina watu watano na nyumba ya Amiri ina watu watano. Kazi ya Amiri ni nzito, sikatai. Lakini uzito wa kazi hauongezi tumbo. Na wageni wanaokuja ni wageni wa mji, si wake. Wapikiwe hapa mlangoni mwa ghala, kwa shayiri ya mji, chungu kikiwa wazi, kila mtu aone nani anakula."

Watu wawili watatu wakacheka, wakiwatazama wazee.

"Na rushwa?" Naufali akasema. "Mtawala mwenye njaa atanunuliwa!"

"Ishirini si njaa, bwana. Mwalimu wetu anakula ishirini mwaka wa kumi na nane huu, na bado hajapokea yai la mtu ili mtoto wa mtu huyo asichapwe."

"Mwalimu hana funguo za mji!"

"Basi anayezitaka funguo kwa ajili ya shayiri, tusimpe funguo." Akaisogeza pishi kando. "Na mimi niliahidiwa ishirini na tano zaidi ili mkono wangu uwe mrefu leo. Aliyeniahidi simtaji. Nasema tu zisiletwe."

Naufali akashikwa na kikohozi kirefu, mpaka mwenzake akampiga mgongoni. Vicheko vikazidi. Mtu mmoja kutoka kwa wachimba mfereji akapaza sauti, "Nusu ya ishirini ni kumi, wazee! Karibuni kwenye posho ya mwosha maiti!"

Kadhi akainua mkono, watu wakatulia, wakasema amin.

Amiri Subaihi alikuja mpaka kizingitini. Alipiga goti ili alifikie gunia, na akiwa pale chini alisema kwa sauti ambayo waliokuwa karibu tu waliisikia. "Nilitazamia unipe pungufu, Ummu Lubaina."

"Nami nilikusudia."

"Kwa nini hukufanya?"

"Pishi si yangu."

Amiri akashika kamba ya gunia. Kisha akasema, "Siku ile ya mfereji niliharakisha. Miti ingefika kabla ya adhuhuri. Nilijua. Niliogopa watu wasiseme nimeshindwa. Nimemwomba Mungu msamaha kila siku, na kwako nimeona haya kuja."

Bibi Unaisa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Safar. Aliona uso wa mtu aliyefiwa, kama wake. "Nimekusikia," alisema. "Mwaka huu niache nikusikie tu. Moyo wangu ni mzito, nao si wangu peke yangu, una bintiye Jubairi ndani yake. Mungu akinipa uhai nitakusamehe, na nitakuja mwenyewe kukwambia."

"Nitangoja," Amiri akasema. Akalitia gunia begani, akaondoka nalo kwa miguu, akipita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha.

Wasimulizi wanasema kwamba katika wale wazee saba, wanne waliacha baraza kabla ya mfungo wa Ramadhani, kila mmoja akitaja shughuli zake nyingi, na nafasi zao zilijazwa na watu ambao pishi kumi hazikuwatisha. Naufali alikuwa mmoja wa walioondoka, na lile tishio lake la kumtoa Bibi Unaisa kazini halikupata wa kulitekeleza. Ghala lilifika mavuno, likiwa na magunia machache yaliyobaki pembeni. Posho ya Bibi Unaisa haikuongezwa mwaka ule. Alikula kumi na Lubaina na mapacha, mara nyingi uji mwepesi, na Lubaina alimnunia siku nyingi kabla ya kuja kumwekea kichwa mapajani na kulia kilio alichokuwa amekizuia.

Na wanasema msamaha ule ulichelewa. Ulipita mwaka, ukapita wa pili. Amiri hakumtuma mtu kuuliza. Alingoja kama alivyosema. Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, watu walimwona Bibi Unaisa akitembea polepole na bintiye mpaka mlangoni kwa Amiri, ule aliokuwa akiugeuzia uso, wakabisha hodi wote wawili. Walikaa ndani kwa muda wa kunywa kahawa, wakatoka. Yaliyosemwa humo hayakusimuliwa.

Hao wamekwenda, ndugu zangu, na mji wao umekwenda, na sisi tumebaki tukiwakumbuka kama mtu anavyowakumbuka wazazi wake baada ya kurudi kutoka makaburini na kuikuta nyumba kimya. Katika zama zetu wenye kutawala hujipimia wenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na anayeosha na anayefundisha na anayetibu hungoja nje wasikie kitakachobaki. Tukiuliza, tunaambiwa kazi ya utawala ni nzito. Ni nzito kweli, na mwenye kuibeba kwa haki ana malipo kwa Mola wake ambayo hakuna pishi inayoyapima. Basi tuwaombee viongozi wetu mikono isiyorefuka. Nasi tulio na kinyongo nao tujiombee kile alichopewa yule mjane, kwamba alishika pishi mbele ya mtu aliyemtia msiba, akampimia haki yake kamili. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mumewe, na atukutanishe na wetu waliotangulia katika nyumba isiyo na njaa. Amin.